Bodi ya Kwanza ya Mikrokontrola: Uno au ESP32?

Karibuni watazamaji. Mezani nina bodi mbili za mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja ya kuendeshea sensa na taa: Arduino Uno R3 ya kuiga, yenye chipu ya CH340 inayoiunganisha na kompyuta kwa USB, na ESP32. Anayeanza achukue ipi? Nasema Uno, tena bila kusita, ingawa ESP32 inaishinda mbali kwa nguvu: ina Wi-Fi na Bluetooth, na inakwenda megahezi 240 wakati Uno ni 16.

Sababu ni volti. Uno ni ya volti 5. ESP32 ni ya 3.3, na pini zake hazikuundwa kupokea 5. Sensa ya umbali ya HC-SR04, ambayo wanafunzi wengi huanza nayo, hutoa volti 5 kwenye pini ya Echo, inayorudisha jibu lake. Kwenye Uno unachomeka tu. Kwenye ESP32 inabidi uzipunguze kwanza: resista ya kiloomu 1 kutoka Echo hadi pini, na ya kiloomu 2 kutoka pini hiyo hadi GND, yaani upande hasi wa umeme. Ukisahau, unaweza kuiua pini.

Halafu tazameni hapa karibu. Hii chipu ndefu ya Uno, ATmega328P, ndiyo ubongo wa bodi, na imekaa kwenye soketi. Ikiungua, unaichomoa taratibu kwa bisibisi bapa na kuweka nyingine; nunua iliyokwisha kuwekewa butiloda, programu ndogo inayoiwezesha kupokea programu zako kwa USB. Zipo Uno zenye chipu ndogo iliyolehemiwa. Ziache.

Sasa kebo, maana hapa ndipo watu hukata tamaa siku ya kwanza. Taa ya bodi inawaka, lakini porti haionekani kwenye kompyuta. Kebo nyingi za kuchajia zina nyaya za umeme tu, za data hazimo. Uno yenye mdomo wa mraba hutumia kebo ileile ya printa, na hiyo ina data. Porti isipotokea bado, weka kwenye kompyuta dreva ya CH340, programu ya kuitambua chipu hiyo.

Ikitokea, fungua kwenye Arduino IDE, programu ya kuandikia na kupakia msimbo, mfano wa Blink unaopepesa taa ya bodi, badilisha delay zote mbili (muda wa kusubiri kwa milisekunde) kutoka 1000 ziwe 100, kisha pakia. Taa ikianza kupepesa harakaharaka, programu yako imeingia kweli.

Ukiunga LED ya nje, mguu mrefu uelekee kwenye pini, mfupi GND, na katikati resista ya omu 220, yenye mistari ya rangi nyekundu, nyekundu, kahawia. LED nyekundu itapata kama miliampia 14. Bila resista, unaweza kuunguza LED na pini pia.

Kwenye bredibodi ndefu, ile bodi ya matundu ya kuunganishia vipande bila kulehemu, angalia mistari ya nyekundu na bluu pembeni. Ikikatika katikati, umeme nao umekatika hapo. Unganisha kwa waya wa jampa.