Ruger AR-556: Tazama Kishikio cha Mbele Kabla ya Bei

Msimu wa kuwinda kulungu ukikaribia, Waswahili wa Texas na Ohio mnaniuliza swali lile lile: bunduki za jina moja, AR-556, kiwanda kimoja, Ruger, mbona hii imeizidi ile dola mia na ushee? Walionunua tayari nao wana kilio chao. Uwanja wa shabaha, bunduki ikilazwa juu ya mfuko wa mchanga, risasi zinaingia pale pale. Shambani, ikiegemezwa kwenye ua wa mbao, zinakwenda kando. Lawama zote inabebeshwa darubini, na wapo waliokwishanunua ya pili. Darubini haina kosa.

Rangi sitaigusa, wala magazini ya risasi, wala mabishano ya kitako kipi ni kizuri. Hayo muuzaji atakueleza mpaka uchoke. Nataka uinamie sehemu moja tu, pale unapoweka mkono wa kushoto.

AR-556 ya kawaida ina nguzo ya kulengea iliyosimama mbele. Kishikio chake ni vipande viwili vya plastiki, vimebanwa nyuma kwa pete na mbele kwa kifuniko kinachoegemea ile nguzo. Nguzo nayo imefungwa kwenye mtutu. Kwa hiyo ukivuta mkanda, ukifunga miguu miwili ya kusimamishia au ukikandamiza kishikio juu ya ubao, unausukuma mtutu wenyewe. Msukumo mdogo tu hapo, yadi 100 mbele risasi imehama. Hakikisha mwenyewe: piga tatu bunduki ikiwa juu ya mfuko, mkanda umelegea, kisha zungusha mkanda mkononi, uvute kwa nguvu, upige nyingine tatu karatasi hiyo hiyo. Matundu yakijigawa makundi mawili, umepata jibu bila kununua kitu.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni AR-556 MPR (Multi-Purpose Rifle, yaani bunduki ya kazi nyingi). Kishikio chake ni bomba la aluminiamu la inchi 15 lililofungwa nyuma tu, kwenye mwili wa bunduki. Ukichungulia kwa mbele unaona mwanga umeuzunguka mtutu. Egemeza unavyotaka, mtutu hauguswi. Halafu mtutu ni wa inchi 18 na bomba la gesi ni refu, hivyo gesi inafika nyuma nguvu imepungua na bunduki inapiga bega kwa upole. Kifyatulio kinavutwa kwa hatua mbili, ratili 4.5 hivi, na hicho peke yake kingetosha kunishawishi. Uzito ni ratili 6.8 dhidi ya 6.5 za ile ya kawaida. Tofauti hiyo hutaisikia. Haiji na vya kulengea, kwa hiyo pesa ya darubini itenge mapema.

Namba mbili ni ile AR-556 ya inchi 16.1 yenye kishikio kisichogusa mtutu. Ni fupi, nyepesi kuingia nayo vichakani kutafuta nguruwe mwitu. Ya kawaida naiweka ya tatu: inakuja na vya kulengea tayari, na kwa masafa mafupi inatosha kabisa.

Ninyi wa Ohio, subirini kwanza. Risasi ya 5.56, ile ya bunduki hizi tatu, hairuhusiwi kwa kulungu huko. Sheria inataka risasi ya ganda lililonyooka, lisilobanwa shingoni. Tafuteni MPR ya risasi za aina hiyo, .350 Legend au .450 Bushmaster. Na kwa kuwa mnaruhusiwa kupakia risasi tatu tu, msikubali kuuziwa magazini ya thelathini kama zawadi.

Smith & Wesson? Bunduki yao ya Sport II ina ugonjwa ule ule wa kishikio. Sport III imeuponya, na mistari iliyochongwa ndani ya mtutu sasa inazunguka mara moja kila inchi 8 badala ya 9, jambo zuri kwa risasi nzito. Sina ugomvi nayo, ila mimi ni mtu wa Ruger na sijifichi. Za bei ya chini zaidi ya hapo, pita.

Na nani anaruhusiwa kununua? Mwenye Green Card anajaza Fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia bunduki, kama raia, anakaguliwa, anaondoka na mzigo wake. Mwenye viza ya muda, kwa mfano mwanafunzi, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji au sababu nyingine inayotajwa na sheria. Kichekesho ni kwamba Texas, tangu Septemba 2019, kuwinda nguruwe mwitu kwenye shamba la mtu hakuhitaji leseni mwenye shamba akikubali. Mwanafunzi bado aikate, maana ndiyo inayomfungulia mlango wa kununua bunduki.

Sasa wauzaji. Duka moja lilitaka kuniongezea "kodi ya silaha ya serikali kuu" juu ya bei ya kibandiko. Kodi ipo kweli, asilimia 11 kwa bunduki ndefu, na kwa sheria ya Pittman-Robertson ya 1937 fedha zake huenda kuhifadhi wanyamapori. Lakini mlipaji ni mtengenezaji, na imeshaingizwa kwenye bei kabla bunduki haijafika dukani! Wengine wanachukua ile ya kawaida, wanabandika kioo cha kulengea cha nukta nyekundu cha bei ya chini, wanaiita kifurushi na kukuuzia kwa bei inayokaribia MPR. Dai kila ada iandikwe kwenye karatasi kabla hujagusa fomu. Akianza kuzungusha maneno, maduka ya silaha Texas hayajaisha.