Kisahani cha Piezo na Kihisi cha Hall: Tazama Kabla Hujanunua

Jamani karibuni, na leo nimekuja na hasira zangu. Mnakiona hiki? Kisahani cha piezo, kitu kinachotoa umeme kikiminywa, cha milimita 27, pembeni rangi ya dhahabu, katikati duara jeupe. Muuzaji kaandika kwenye maelezo: "kinapima uzito". Uzito! Msiondoke, nataka mjionee wenyewe.

Nimekiunga kwenye oskiloskopu, hii skrini inayochora volti. Nakikandamiza kwa dole gumba... sasa! Mstari umeruka, sivyo? Haya, angalieni dole. Bado limekandamiza, sijaliondoa, na mstari umesharudi sifuri. Naachia... huo, umezama chini ya sifuri, halafu umepanda tena. Narudia kwa waliopepesa macho. Bonyeza, ruka, sifuri. Achia, zama, sifuri.

Na si kibovu, wala msikirudishe dukani. Ukikiminya, chaji zinajitokeza kwenye nyuso zake mbili, lakini papo hapo zinaanza kuvuja kupitia kile kile kifaa unachopimia. Unajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Uwezo wa hiki changu kushika chaji ni kama nanofaradi 20, na ukinzani wa probu, waya wa kupimia wa oskiloskopu, ni megaomu 1. Zidisha, ni milisekunde 20, na chaji nyingi imeshavuja. Ngoja niigeuze probu iwe megaomu 10... nabonyeza... kinashuka pole pole kidogo, lakini hata sekunde moja haiishi, kwisha habari. Viwandani wanaweka amplifaya ya chaji ili kuchelewesha huo uvujaji, na hata hiyo haiwezi kukaa na mzigo kutwa nzima. Mwenye kutaka mizani anunue lodiseli, kihisi cha uzito hasa, tumalizane.

Sasa mpinzani wake: kihisi cha Hall, kinachopima nguvu ya sumaku, miguu mitatu, mnakijua, sitakaa hapo. Hiki cha analogi, nakipa volti 5. Bila sumaku kinatoa 2.5 hivi. Nasogeza sumaku, inapanda. Naigeuza upande wa pili, inashuka. Na sasa naiacha sumaku mezani, nakunywa maji... bado ipo pale pale! Kitu kimetulia tuli na bado kinapimika. Ndiyo maana kwenye kupima mkao wa shafti huwaambii watu kitu kuhusu Hall. Edwin Hall aligundua jambo hili mwaka 1879, ndugu wawili Jacques na Pierre Curie wakaja na piezo 1880. Mwaka mmoja tu kati yao, na sisi bado tunabishana kwenye maoni kipi bora.

Lakini Hall naye asijione malaika. Nikisogeza sumaku mbali kidogo tu, volti zinaporomoka, na wala haziporomoki kwa mstari ulionyooka. Bisibisi ya chuma ikipita karibu, kipimo kinayumba. Na wale wa AS5600, chipu ya Hall ya kupima pembe: inagawa mzunguko mara 4096, tamu sana, ila anwani yake kwenye I2C, waya za pamoja ambazo chipu huongelea, ni 0x36 na haibadiliki. Mbili kwenye waya hizo hizo zinagombana. Mlioniuliza kwa nini roboti ya video iliyopita ilikuwa na kiungo kimoja, jibu ndilo hilo.

Haya, nirudi kwa kisahani, maana nimekisema sana. Nakibandika kwenye mwili wa mota hii yenye beringi iliyochoka. Washa... oneni hayo mawimbi! Mtetemo hautulii, kwa hiyo kuvuja hakumsumbui kabisa. Kila kigololi cha beringi kikigonga penye mkwaruzo, kamlima kanatokea. Kihisi cha Hall kikihesabu mizunguko kisingeona lolote hapa. Kwa bei yake hii ya kutupa? Naondoa nusu ya hasira.

Nusu nyingine naibakiza, kwa sababu wiki iliyopita nilikigonga kwa nati kikiwa kimeungwa moja kwa moja kwenye Arduino, bodi ndogo ya kompyuta. Kikigongwa vizuri kinatoa makumi ya volti. Pini ya A0, ile niliyokiungia, haisomi tena. Kosa langu: sikuweka rezista ya kutangulia wala diodi ya zena, za kuikinga pini. Bodi yenyewe ndiyo hii, leo natumia A1.