Shanti ya ateri: mrija mdogo wa plastiki, nyota nne kati ya tano

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Sitausifu mrija huu kwa macho ya daktari, bali kwa macho ya anayefungua mfuko wake, anayeupasia mezani na anayeangaliwa vibaya ukichomoka.

Ni mrija laini wa kupitisha damu kwa muda pale mguu unapovunjika na ateri yake, yaani mshipa unaoupelekea damu, ikakatika papo hapo. Thieta tunauita shanti. Ulio nyoofu una urefu wa sentimita 15 hivi, na huja kwa namba 8, 10, 12 na 14. Kila namba ni theluthi ya milimita, kwa hiyo namba 12 ina unene wa milimita 4. Ukiutazama tu, utajiuliza unasifiwa nini.

Unasifiwa kwa sababu ya saa. Misuli na neva zikikosa damu kwa takriban saa 6, uharibifu huanza kuwa wa kudumu, na nyingi kati ya saa hizo huwa zimeshaishia njiani, mapokezi na kwenye picha. Mgonjwa akifika mezani ndipo ubishi unapoanza. Daktari wa mifupa anataka anyooshe kwanza, maana ateri iliyoshonwa juu ya mfupa unaocheza itachanika. Wa mishipa anataka ashone kwanza, maana vidole vimeshapoa. Wote wana hoja, na mimi nimeusikia ubishi huo hadi naweza kuigiza sauti zote mbili.

Shanti inaumaliza. Daktari anapitisha katheta ya Fogarty, ile yenye puto dogo nchani, juu na chini, anavuta mabonge ya damu. Nampa bomba la sindano lenye maji ya chumvi na heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Ncha moja ya mrija inaingia ateri ya juu, nyingine ya chini, zinafungwa kwa uzi, vibanio vinaachiwa. Hapo ndipo ninapopapenda: mrija unajaa wekundu kuanzia upande wa paja, na Dopla, kile kifaa cha kusikilizia damu ikipita, iliyokuwa ikikoroma bure juu ya unyayo inaanza kutoa “fwu, fwu”. Watu wa mifupa wanaingia na vyuma vyao vya nje, hakuna anayemkimbiza mwenzake.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Mguu uliovunjika huwa umefupika. Ukikata kipande cha mshipa cha kuungia ateri kabla mguu haujanyooshwa, utakuja kukikuta hakitoshi au kimevutika. Shanti ikishafanya kazi, vyuma vinafungwa kwanza, kisha vena ya safena, mshipa mrefu unaopita chini ya ngozi ya mguu, inatolewa kwenye mguu usioumia, inageuzwa juu chini ili vali zake zisizuie damu, na inakatwa kwa urefu wa kweli.

Anayeona haya ni mbwembwe akumbuke ripoti ya madaktari wa upasuaji wa Marekani, DeBakey na Simeone, ya 1946, juu ya majeraha 2,471 ya ateri katika Vita vya Pili vya Dunia. Kwa waliofungwa ateri tu bila kushonwa, karibu nusu waliishia kukatwa kiungo. Katika Vita vya Korea madaktari walianza kuzishona, na kiwango kikashuka hadi karibu asilimia 13.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu zifuatazo. Mrija nyoofu hushikwa na uzi tu. Mguu ukivutwa kunyooshwa unaweza kuteleza ukatoka, na damu inavyoruka hapo haisimuliki. Mimi huomba uzi mmoja wa rangi ufungwe katikati ya mrija, ukisogea tunauona. Pia ukiziba unaziba kimya kimya, kwa hiyo lazima mtu awepo na Dopla, si kuangalia rangi ya vidole tu. Na kingo za ateri zilizobanwa na uzi huwa zimepondeka, inabidi zipunguzwe kabla ya kushona.

Msiutarajie ufanye yasiyo yake. Damu ikirudi, shavu la mguu huvimba kwa ndani, na mara nyingi vyumba vyote vinne vya misuli chini ya goti hufunguliwa kwa mikato miwili. Potasiamu inayotoka kwenye misuli inaweza kupanda ghafla katika damu, mkojo ukawa wa rangi ya chai kavu. Mtu wa usingizi aambiwe kabla vibanio havijaachiwa, si baada.

Palipokosekana shanti, nimeona mrija wa dripu uliotakaswa ukikatwa na kutumika. Unapitisha damu, sikatai, ila ncha zake ni kali na hukwaruza utando wa ndani wa ateri. Mkiagiza, agizeni namba zote. Nyuma ya goti natayarisha 10 na 12, chini zaidi natayarisha 8. Mnene ukilazimishwa unachana ateri, mwembamba unaziba upesi.