Mchunga wa fungu sokoni: mzuri, ila uchague

Mchunga, ile mboga ya majani machungu, unaouzwa kwa mafungu Tanga na Mombasa haulingani. Vunja shina moja: likitoa utomvu mweupe papo hapo, umechumwa karibuni. Wenye maua ya njano uache, majani yameshakomaa na uchungu wake haushikiki. Ukipikwa hunywea sana, mafungu mawili yanabaki bakuli moja, basi usibane mfuko. Chemsha dakika 10, mwaga maji, kamua, ndipo utie kitunguu na tui zito. Kosa la wengi ni kutia tui kabla ya kumwaga maji ya kwanza. Mchuzi wote huwa shubiri. Asiyeuzoea achanganye na mchicha, nusu kwa nusu. Ukija na mizizi, usiitupe bustanini: kipande kidogo tu huchipua.