Unga wa lishe wa vikundi vya kina mama, wilaya za Kiteto na Simanjiro, Manyara: upi ununue?

Usiangalie picha ya mtoto mnene kwenye pakiti, soma viungo. Mchanganyiko wa maana ni mfupi: mahindi au uwele sehemu tatu, soya sehemu moja, karanga nusu. Ule wenye nafaka kumi unavutia macho tu. Ngano, mchele na shayiri zikirundikwa pamoja bado ni wanga, na mtoto akipata mzio hutajua umetoka wapi.

Soya ndiyo inayowashinda wengi. Ikikaangwa juujuu na kusagwa, uji unanuka maharage mabichi na tumbo la mtoto linajaa gesi. Inatakiwa itumbukizwe kwenye maji yanayochemka kwa dakika 20 hadi 30, imenywe, ikaushwe vizuri, ndipo ikaangwe. Karanga nazo zina mafuta, kwa hiyo unga uliokaa dukani miezi kadhaa huwa mchungu. Pakiti isiyo na tarehe ya kusagwa, irudishe.

Jambo zito zaidi ni sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu kwenye nafaka, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Haionekani, na kuchemsha uji hakuiondoi. Waulize wauzaji: mahindi yalianikwa juu ya turubai au ardhini? Punje zilizooza, zilizosinyaa na zilizotobolewa zilichambuliwa kabla ya kusaga? Wakibabaika, ondoka. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) inasaidia, ila maswali haya yaulize hata ukiiona.

Ubora pia hufuata mtaji. Halmashauri hutenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake isiyo na riba. Kikundi kikipata fedha wakati wa mavuno hununua nafaka ya mwaka kwa bei nafuu. Zikichelewa, mahindi yanapanda na kinachopunguzwa kimyakimya ni soya. Hapo unga hubadilika bila pakiti kubadilika.

Kwenye upishi, maelekezo mengi yanasema maji tu. Katika boma la Kimasai mama ndiye anayekamua na kugawa maziwa, kwa hiyo pakiti ingepaswa kusema: pika uji mzito kwa maji, malizia kwa kikombe cha maziwa, chemsha tena. Kiangazi maziwa yakikauka, acha uji mzito upoe hadi uvuguvugu, koroga kijiko kidogo cha kimea cha ulezi (ulezi ulioteshwa, ukakaushwa na kusagwa), subiri dakika kumi, kisha uchemshe upya. Unalainika bila kuongezwa maji, na mtoto wa miezi minane anaumeza. Kikundi kinachouza kimea pembeni ya unga, nunua kwao.