Miche ya kabichi ya Kichina iliyotoa maua kabla ya kufunga vichwa

Miche ya kabichi ya Kichina ya duka hili la mtandaoni sinunui tena. Karibu tuta zima limetoa maua wakati majani ya ndani ndiyo kwanza yanaanza kukunjana, na kabichi hii ikishanyanyua shina la maua hakuna mbolea wala dawa ya kuirudisha nyuma. Unang'oa, basi.

Trei ilifika imefungwa vizuri, udongo una unyevu. Hilo nawapa. Ubaya ulikuwa chini. Mche ukiuchomoa kwenye kishimo chake, mizizi imejizungusha mpaka udongo hauonekani, ncha zimeanza kuwa kahawia, na majani mawili ya chini yamegeuka njano. Huo ni mche uliokaa kitaluni kupita muda wake. Kabichi ya Kichina huhamishwa ikiwa na majani manne au matano ya kweli, wiki tatu hadi nne tangu kusia. Hii ilishapita hapo, na shina lilikuwa limeanza kurefuka kabla halijagusa bustani yangu. Mizizi ya zao hili haipendi kusumbuliwa. Ikibanwa au ikikosa maji, mmea unashtuka, unaacha kujenga majani na kukimbilia kutoa mbegu.

Halafu kuna baridi. Miche ikipigwa na baridi ya chini ya nyuzi 10 kwa wiki moja au zaidi, hujiandaa kutoa maua hata joto likirudi baadaye, na siku zikiwa ndefu ndiyo kabisa. Kwa hiyo niliuliza swali la kawaida tu: je, hii miche ililala nje kabla ya kusafirishwa? Mhudumu akanijibu, "Umezidisha mbolea wewe." Hakuuliza nimeweka mbolea gani wala kiasi gani. Naitrojeni ya mbolea ikizidi, majani huwa mapana na teketeke, wadudu hufurahi, na kingo za majani ya ndani huungua kwa sababu kalsiamu haizifikii kwa kasi ile ya ukuaji. Maua hayaletwi na hiyo. Nilipomwambia hivyo akamaliza mazungumzo: "Maua nayo yanaliwa."

Yanaliwa, ni kweli. Vikonyo vyake ni vitamu vikikatwa kabla maua hayajafunguka. Lakini nililipia kabichi zinazofunga, na jibu la namna ile kwa mteja ni dharau.

Tuta lilikuwa tayari kama inavyotakiwa: samadi iliyooza kabisa, uchachu wa udongo (pH) 6.5, sentimita 40 kati ya mche na mche na 50 kati ya mistari. Maji ni lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, yamegawanywa mara tatu na kumwagwa shinani. Ukimwagia juu, maji yanatuama kati ya majani, na kichwa kinaoza kuanzia ndani na kutoa harufu mbaya. Matandazo yaliwekwa, kwa sababu mizizi iko juujuu na udongo ukikauka leo na kulowa kesho ndipo zile kingo zinapoungua. Neti ya kuzuia wadudu iliwekwa siku ileile ya kupandikiza, kabla viroboto wa majani hawajatoboa chochote. Mmea uliokwisha kupokea ishara ya maua hauokolewi na haya yote.

Sasa niseme na upande wa pili, maana sitaki kuonea mtu. Miche michache ambayo mizizi yake ilikuwa bado nyeupe ilifunga, tena vizuri: vichwa vizito, ukivibonyeza kwa kiganja havibonyei, jani linakatika kwa mlio. Mbegu yao inaelekea ni nzuri. Kwa vichwa hivyo nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu. Kisha nikapasua kimoja kwa kisu kutoka juu hadi chini. Kiini, ambacho kwenye kichwa kizuri ni kifupi na kimekaa chini, kilikuwa kimepanda kupita nusu, kimechongoka, na vitumba vya maua vimejipanga kileleni. Siku chache zaidi na nacho kingepasuka. Nyota tatu zikarudi kuwa moja.

Pengine mbili, kama utanunua mbegu zao na kuachana na miche. Panda moja kwa moja bustanini, mbegu tatu kwa shimo, kina cha sentimita moja. Udongo ukiwa na joto zinaota ndani ya siku nne hadi saba. Zikifikisha majani mawili ya kweli, zipunguze kwa mkasi ubaki mche mmoja, usizing'oe. Mizizi haiguswi hata mara moja.

Kwenye trei yao hakuna tarehe ya kusia iliyoandikwa popote. Fedha zangu nimezidai, na hadi leo hawajajibu.