Darasa la Kiingereza la jioni Majengo: wiki nzima neno moja tu, na sijutii hela yangu

Wadau wa Dodoma mnaouliza kila siku mtu mzima akajifunzie wapi Kiingereza bila kuchekwa, mi namaliza mwezi wa pili kwenye darasa moja la jioni huku Majengo, nyuma ya soko, chumba cha bati na mabenchi ya shule, nikaona niandike maana na mimi ningepata mtu wa kuniambia mapema ningeokoa mengi.

Kwanza nilikotoka. Niko mapokezi kwenye gesti, na Bunge la bajeti likianza Aprili mpaka Juni vyumba vinajaa tunarudisha watu. Sasa usiku mmoja kama saa nne mgeni, mama wa kizungu, akapiga simu kutoka chumbani, "the water has run out". Mi water naijua, run naijua tangu shule ya msingi ni kukimbia, out ni nje. Nikaelewa maji yanakimbilia nje, yaani bomba limepasuka huko juu. Nikamtuma kijana haraka akafunge koki ya simtank zote mbili. Kumbe mama wa watu alikuwa anasema maji yameisha, na kilichotakiwa ni kufungulia lile simtank la akiba, mi ndo nikaagiza lifungwe. Nilipopanda nilimkuta kasimama mlangoni na taulo, povu kichwani, jicho moja kalifumba kwa sabuni, na bado ananisemesha kwa upole. Iliniuma sana ile, asubuhi yake akahama.

Na sio kwamba nilikuwa sijasoma. Nilishalipa tuisheni sehemu nyingine (siitaji) miezi minne, kazi ilikuwa kukariri orodha, run kimbia, take chukua, set weka, break vunja, neno moja la Kiingereza na mwenzake mmoja wa Kiswahili kama viatu vya pea. Daftari lilijaa mpaka jalada la nyuma. Ndo hilo daftari lililofunga koki.

Hapa Majengo siku ya kwanza ticha kaandika ubaoni "run", basi, akaweka chaki chini. Hakutuuliza maana yake. Akatuuliza maana ya kata. Mtu akasema kukata na kisu. Ticha akasema haya, jana umeme ulikatika, nani alikuwa na kisu? Ukimkatia mwenzio simu je? Umekata tiketi ya treni, umekata tamaa, umekata rufaa, umekata kona, maji yamekata, mgonjwa amekata roho, na wewe unakaa kata gani, Makole au Ipagala? Darasa zima kimya, yaani neno tunalotumia kutwa hatujawahi kuliangalia usoni. Akasema sasa fikirini mgeni aliyekariri kata ni kisu tu, mnamwambia maji yamekatika. Hapo nilimuona yule mama na povu lake.

Tukakaa na run siku tano. Pua inatoka kamasi, "my nose is running". Mashine inafanya kazi, "it's running". Mtu anaendesha duka, "she runs a shop", na ticha akatuonesha kwamba hata kuendesha kwetu kumetoka kwenye kwenda, kwa hiyo sisi wenyewe duka tunalifanya liende, wao wanalifanya likimbie. Barabara inatoka Dodoma inapita Manyoni mpaka Singida wao wanasema "runs", na sisi si tunasema barabara inaenda Singida, imewahi kusogea hata hatua moja? Fundi cherehani mmoja wa pale Sabasaba, tunamwita Mama Mbukwa kwa jinsi anavyotusalimia, akauliza kitenge kikichuja rangi wanasemaje, akajibiwa hiyo hiyo, "the colour runs", akaiandika kiganjani kwa peni. Kaka mwingine wa bodaboda akapewa "run into", ambayo ni kukutana na mtu kwa bahati na pia ni kumgonga, akaambiwa hiyo aichunge sana akiongea na trafiki.

Iliyonikaa zaidi ni ya uchaguzi. Mmarekani akigombea anasema "run", Mwingereza anasema "stand", kazi ile ile mmoja kakimbia mwenzie kasimama, wote wanataka kura.

Ticha akatuambia pia kwamba ile kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989 lenye vitabu 20, neno lililobeba maana nyingi kuliko yote lilikuwa "set", kama 430 hivi, ila walipokuja kulipitia upya "run" likalipita, kitenzi peke yake kimefika maana 645, na mtu mmoja, Peter Gilliver, alilifanyia kazi miezi tisa. Miezi tisa, mimba nzima, kwa neno moja. Kwa hiyo mtu asikudanganye atakupa run yote kwa mwezi, na ticha wetu hakudai hivyo, anachofundisha ni ukisikia neno usikamate maana ya kwanza ukakimbia nayo, sikiliza limekaa na nani, run na out, run na late, run na water.

Ada elfu thelathini kwa mwezi, Jumatatu mpaka Ijumaa, saa kumi na mbili mpaka saa moja na nusu. Kasoro zipo. Tuko wengi mno, tulianza kumi na nane sasa tumefika thelathini na kitu, wa nyuma hawaulizwi swali wiki nzima. Kopi anazotugawia zimefifia, mistari ya chini husomi, na tunalipia mia mbili mbili juu ya ada. Umeme ukikatika tunasoma na tochi za simu. Wahi benchi la mbele upande wa dirisha.

Juzi kaja mgeni kauliza kama bafuni kuna "running water", yaani maji yanayotoka bombani. Nikamjibu "yes, it runs until ten, but it may run out after that, so I put two buckets in your room", yaani yanatoka mpaka saa nne, baada ya hapo yanaweza kuisha, ndo maana nimemwekea ndoo mbili chumbani. Akasema asante, akachukua funguo akapanda. Nikaenda mwenyewe kuangalia simtank la akiba, lilikuwa limejaa.